Maji Yanamsubiri Mgeni

Jirani yetu Mama Yin anadai kwamba mwaka jana maji yaliachiwa mara mbili. Mara ya kwanza mgeni wa heshima alikuwa ameyapa mgongo, anaongea na simu. Basi mfereji ukazibwa upya, matingatinga yakanguruma, halafu maji yakaachiwa tena mgeni akiwa anatazama.

"Bata wangu waliogelea asubuhi, mchana wakakwama kwenye tope!" husema. "Waulizeni wenyewe."

Sikumwamini mpaka mwaka huu.

Kila majira ya baridi mfereji wetu hufungwa ili mchanga uchotwe. Magogo hufungwa matatu matatu vichwani, yakasimamishwa majini, na katikati hupangwa mikeka na udongo. Ikifika Qingming, sikukuu yetu ya wafu, tukishasafisha makaburi, kamba hukatwa kwa shoka, magogo yanaanguka, maji yanakwenda mashambani. Babu zetu walifanya hivyo kwa ajili ya mpunga. Siku hizi ni kwa ajili ya picha.

Mwaka huu Qingming ilipita kamba haijaguswa. Mgeni alikuwa na mkutano, kisha akawa na mafua. Mbegu zangu hazikupata taarifa hizo. Zilishachipua kitaluni, udongo ukaanza kupasuka, na mbegu nyingine sina.

Leo tukaambiwa anakuja. Mimi nimechaguliwa kuigiza mkulima wa kale. Nilifika na tope la shambani miguuni; wakaniosha, kisha wakanipaka tope lao. Mzee Pang, muuza tambi, ambaye kitalu chake kinapakana na changu, akabandikwa ndevu akawa gavana wa kale. Akapewa na shoka, la kweli.

Kazi yangu ni kupiga magoti na kusema, "Baba, tufungulie maji, miche inakufa." Yeye ajibu, "Inukeni wanangu, maji yanakuja," kisha akate kamba. Tukarudia na kurudia, bila kukata, mpaka magoti yakaniuma.

"Mgeni yuko wapi?" Mama Yin akauliza. Yeye aliigiza bibi kizee anayelia.

"Bado yuko mezani," akajibu Bosi Tan, msimamizi wa sherehe. "Ndiyo kwanza wanaletewa samaki."

"Samaki gani huyo, nyangumi?"

Tulicheka, hata gavana. Mimi nikamsogelea Bosi. "Bosi, tuachie hata upenyo mdogo pembeni. Vitalu vinakauka kweli."

"Dada, mfereji ukilowa sasa, mgeni ataona nini?"

"Ataona mpunga."

"Mpunga anao kwenye sahani. Haya, kila mtu mahali pake! Tena!"

Nikapiga magoti. "Baba, tufungulie maji, miche inakufa." Sikuishia hapo. "Kitalu changu kiko nyuma ya ile mianzi, na chako kando yake. Asubuhi nimepita hapo. Miche yako imeshakuwa ya njano."

Bosi Tan akapiga makofi. "Umeona? Hiyo ndiyo sauti! Machozi hayo yatunze, mgeni amefika kwenye matunda."

Zamu ikawa ya Mzee Pang. Ndevu zilikuwa zimebanduka upande mmoja, zinaning'inia. Akaitazama kamba, akamtazama Bosi, akalishika shoka kwa mikono miwili.

"Kata, baba," nikamwambia.