Hodi Yenye Hataza

Niliota usiku wa jana kwamba nimerudi Korogwe, kwenye kafe ya intaneti tuliyofungua mimi na rafiki yangu Shemboza ujanani. Viti ni vilevile vya plastiki. Kuna mkutano wa kupanga viwango vya intaneti, kanuni za kompyuta kuzungumza, na mwenyekiti ni modemu yetu ya zamani, ile ya kuunganisha intaneti kwa laini ya simu, taa yake moja imeungua, amevaa miwani ya kusomea.

"Kabla hatujaanza," anasema modemu, "mwenye hataza, yaani hati ya kumiliki wazo lolote tunalojadili, aseme sasa. Asije akatuibukia tukishajenga."

Muhuri wa kampuni fulani unasimama, umefunga tai. "Sisi tunayo ya hodi. Kompyuta ikitaka kuzungumza na nyingine hupiga hodi kwanza. Na hati yetu haikutaja kompyuta, imesema kupiga hodi tu, kwa hiyo hata watu wamo. Ila msiwe na wasiwasi, leseni tutatoa kwa masharti ya haki."

"Haki kwa nani?" nauliza.

"Sharti la kwanza ni kutouliza hilo."

Mara kafe ikawa sebule yangu ya sasa, wajumbe wamebanana kwenye kochi. Dirishani namwona Shemboza amesimama nje ya mlango, kikombe cha chai mkononi. Shemboza alifariki miaka sita iliyopita. Anafungua mdomo apige hodi, sauti haitoki. Hana leseni.

Hapo nikapandwa na hasira. Kanuni ya hodi tuliiandika sisi wawili, tukawapa wahandisi wa dunia nzima bure: kompyuta ipige hodi mara tatu, isipojibiwa iondoke. Tuliona ndiyo adabu. Na siku ya mwisho Shemboza kuja kwangu, alipiga hodi mara tatu. Nilikuwa nimechoka, nikanyamaza. Akaondoka, kama tulivyoandika. Sikumwona tena.

"Mwenyekiti, hodi ilitumika kabla ya hataza yao," nasema. Navuta droo, natoa daftari letu la kafe. Ukurasa wa kwanza una mwandiko wa Shemboza, umelala upande kama kawaida yake: Yeyote atumie, asiombe ruhusa.

Muhuri unasoma. "Tarehe ipo. Shahidi hayupo."

"Shahidi yuko nje. Mmemziba mdomo."

Modemu anavua miwani. "Hapa hatupigi kura. Anayeona hataza imeanguka aseme mmm."

Viti vikasema mmm. Kochi likasema mmm. Modemu akatoa ule mlio wake wa kutafuta laini, wa kukwaruza, ambao Shemboza alikuwa akiuiga kila asubuhi mpaka wateja wanashika mbavu. Jamani, nimeukumbuka mlio ule. Muhuri ukakaa chini.

"Hodi," akasema Shemboza. Natafuta sauti yangu, siipati. "Hodi," akasema tena. Kisha ya tatu, taratibu, huku ameanza kugeuka.

"Karibu!" nikapiga kelele, na kelele hiyo ikaniamsha.

Nikaenda sebuleni. Daftari lilikuwa wazi juu ya meza, na mimi sijalitoa kwenye droo tangu msiba. Ukurasa wa kwanza una duara la kitako cha kikombe, bado bichi. Nikalinusa. Ni chai ya tangawizi, na humu ndani mwenye kunywa tangawizi alikuwa Shemboza tu, akija.