Lweno Alipopimwa Buchani

Usiku wa jana niliota niko buchani, nimevaa jezi yenye jina la Lweno mgongoni, na kwenye ndoana hakuna nyama hata kipande. Wamening'inia washambuliaji wa ligi nzima, kila mmoja na njumu zake mguuni, wanasubiri kupimwa umaarufu.

Sikushangaa. Nilichouliza ni foleni inaanzia wapi.

Mbele yangu yuko binamu yangu Mwanaidi, kavaa jezi ya Chipeta. Wiki nzima tumebishana nani anapendwa zaidi, Lweno au Chipeta, tukakubaliana kura za redio ndizo ziamue. Atakayeshindwa atavaa jezi ya mwenzake kwenye kibanda umiza tunakotazamia mpira, siku timu zao zikikutana, mtaa mzima ukitazama.

"Binamu, umekuja na mfuko?" ananiuliza.

"Wa nini?"

"Wa kubebea aibu."

Mizani inakohoa. "Acheni kelele. Chipeta!"

Chipeta anashushwa, anakaa kwenye sahani. Mshale unapanda. "Si haba," mizani inasema, kama mtu anayechagua nazi. "Lweno!"

Lweno anakaa. Mshale unapanda, unampita Chipeta kwa unywele mmoja. Naruka juu. Nikitua, bucha halipo, tuko katikati ya uwanja, refa kaweka filimbi mdomoni.

Lweno, bado yuko kwenye sahani, anajaribu kuinuka. Hainuki.

"Anayependwa kuliko wote ni wa mashabiki," mizani inasema. "Haendi popote."

"Hata kucheza?" nauliza.

"Wanaocheza ni kuanzia wa pili kwenda chini."

Lweno ananiangalia. "Mdogo wangu, vua jezi. Ukipungua wewe tu, nashuka."

"Kaka, nikivua, huyu atanivalisha ya Chipeta!"

"Kwani unanipenda nicheze, au unanipenda umshinde huyu binti?"

Kusema ukweli, jibu lilikuwa la pili. Lakini refa keshavimbisha mashavu, na wenzake Lweno wako kumi tu.

Nikavua. Mshale ukashuka. Lweno akaruka, akaikanyaga jezi yangu pale chini, akakimbia. Chipeta akavutwa hadi kwenye sahani, akanata hapo. Mwanaidi anashangilia mpaka kilemba kinadondoka.

Filimbi ikalia. Ilikuwa simu yangu.

"Amka, wewe!" Mwanaidi huyo. "Redio imetangaza. Chipeta kashinda kwa kura moja! Jioni wanakutana uwanjani, nawe utakuwa ndani ya jezi yangu. Nakuletea sasa hivi."

Niko kifua wazi, na nililala nimevaa jezi. Naiona sakafuni. Nikaiokota. Juu ya jina la Lweno kuna alama ya njumu, na jani moja la nyasi, bichi.

"Inauma, eh?"

"Ilete tu, binamu, nitavaa. Ila kabla hujacheka, ulizia kwanza kama Chipeta ameshuka."

"Ameshuka wapi?"