Sauti ya Shangazi Magdalena

Kwa miaka sita Elisha alikula mjini kwa sauti ya shangazi yake, na shangazi mwenyewe hana habari.

Elisha alikuwa mwalimu wa darasa la tatu kijijini kwao Kinampanda kabla hajatupa chaki na kwenda Dar es Salaam kuandika na kuigiza vichekesho vya televisheni. Mdoli wake, Bi Nongwa, kikongwe wa kitambaa mwenye macho ya vifungo, alimsema kila mtu: wabunge, wachungaji, wakwe. Elisha aliigiza mkwe mjinga wa Bi Nongwa, huku mkono mmoja ukiwa ndani ya mdoli. Alipoulizwa ile sauti ya kukwaruza kaipata wapi, alijibu kwa maringo, "Kipaji tu."

Shangazi Magdalena hakuwa na televisheni. Aliona tu watu wameanza kumcheka. Alisimama kanisani kutangaza kikao cha akina mama, waumini wakaangua kicheko. Alikwenda zahanati tumbo linamuuma, muuguzi akamwambia, "Bibi, unamwiga Bi Nongwa vizuri kweli! Haya, sasa sema kinachokuuma."

"Bi Nongwa ndiye nani?"

Akaonyeshwa kwenye simu. Alitazama mpaka mwisho, tumbo likapona kwa hasira.

Elisha alipokuja Pasaka, shikamoo yake haikuitikiwa.

"Miaka sitini nakaa na sauti yangu, leo naambiwa namwiga mdoli! Jumapili utasimama mbele ya watu useme umeiba wapi."

Jumapili Elisha akasimama. Kwa uoga akamtanguliza Bi Nongwa. "Ndugu waumini," mdoli akakwaruza, "huyu mwizi hapa..." Kanisa zima likalipuka. Mchungaji akajificha nyuma ya Biblia, mabega yanatikisika.

Magdalena akaja mbele, akamvua Elisha mdoli mkononi, akaingiza mkono wake mwenyewe. "Mdomo umelegea," akasema, "kama wa mchungaji akifika kwenye sadaka." Akaendelea na wanakwaya, wazee wa kanisa, na ndoa ya Elisha iliyodumu miezi minne. Mzee Damiani alianguka kutoka kwenye benchi. Elisha naye alicheka, kisha wivu ukampanda. Katika vipindi mia mbili hakuwahi kuandika mstari mtamu kama ule.

Kuna mtu alirekodi. Jumatatu bosi wa kipindi akapiga simu: anamtaka bibi. Magdalena akagoma kuhama. Alizeti avune nani? Alikubali kusema kwa simu tu, kila Alhamisi, akishamaliza kukamua mafuta.

Nafasi ya mkwe ikafutwa. Maandishi hayakuhitajika tena. Siku hizi Elisha hujikunyata chini ya meza, mkono juu, akifuatisha maneno ya shangazi yake kwa vidole.

Wiki iliyopita Magdalena alikatiza kipindi hewani. "We Elisha, hebu mnyooshe huyo mdoli. Huku wanaotazama wanasema amekaa kama ameumwa na nyuki."

Akamnyoosha. Watazamaji walipiga makofi, wakidhani imeandikwa.