Mashine ya Tano

Kazi yangu ni kuunganisha mitandao ya nyumbani. Nimetoboa kuta za watu wengi, nimetambaa darini pamoja na popo, na nimezoea maswali ya wenye nyumba: eti mtandao huvuja? Eti mvua ikinyesha hulowa? Wateja huniita Bi Waya, nami huitika. Lakini iko nyumba moja ambayo mpaka leo nikipita mbele yake huongeza mwendo.

Aliyeniita alikuwa kitinda mimba wa nyumba hiyo, msichana wa chuo aliyekuwa nyumbani likizo. Nilifika saa nane mchana, manyunyu yakidondoka. Ndani walikuwa watatu: yeye, mama yao mjane, na dada yake mkubwa, mfasiri wa nyaraka, aliyekuwa amerudi kuishi pale mwezi mmoja nyuma baada ya miaka mitano ya kutotia mguu. Kila mmoja alikuwa na kompyuta yake, na sebuleni kulikuwa na printa. Mashine nne. Kazi ya saa mbili, nikajisemea.

Haikunichukua muda kugundua kwamba mama na kifungua mimba wake hawasemezani.

“Muulize dada yako kama meza yake inakaa dirishani,” mama alimwambia mdogo, na huyo dada alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka hapo.

“Mwambie mama popote ni sawa.”

Mdogo akanitazama, akainua mabega. “Nyumba hii mimi ndiye ruta, dada fundi. Kila ujumbe lazima upitie kwangu.”

Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Ilikuwa nyumba ya zamani, kuta nene, korido ndefu. Katikati ya korido kulikuwa na mlango uliofungwa kwa ufunguo, na waya wa simu kutoka nje uliingia mle. Nikauliza kama ruta ya zamani imo humo.

“Imo, imeungua,” mama alisema. “Sikujua mpaka huyu mdogo alipokuja kwenye arobaini akaniambia haiwaki. Humo haingii mtu. Vuta waya mwingine.”

Mwenye nyumba ndiye mwenye neno. Nikapanda darini, nikavuta waya mpya, nikaitundika ruta ukutani mwa korido, mkabala na mlango ule. Kisha nikauliza mtandao tuuite nani na neno la siri liwe lipi. Mama akaenda chumbani kwake, akarudi na kikaratasi kilichokunjwa mara nne, mwandiko wa kalamu ya wino, herufi zimepangana kama wanafunzi kwenye mstari.

“Weka haya haya, mwanangu. Aliyachagua marehemu.”

Nikaweka jina lile lile la zamani, na neno la siri lile lile. Nikaunganisha kompyuta ya mama, ya mdogo, ya dada mkubwa, halafu printa. Laini ilikuwa nzito kidogo, lakini ilikuwa hai. Mwisho nikafungua orodha ya ruta kuhakikisha kwamba zote nne zimeingia.

Zilikuwa tano.

Ya tano iliitwa Mwalimu. Nikadhani ni ya jirani, lakini jirani angelipata wapi neno la siri ambalo nimeliandika dakika kumi zilizopita?

“Jamani, nani ana kompyuta inayoitwa Mwalimu?”

Mdogo aliziba mdomo kwa kiganja. Mama akaushika ukingo wa meza, akaketi taratibu kama mtu anayepima kina cha maji.

“Baba alikuwa mwalimu,” mdogo alisema hatimaye. “Huu ni mwezi wa kumi na moja tangu afariki.”

Kabla sijapata la kusema, kompyuta ya dada mkubwa ikalia. Ujumbe umeingia. Aliinama kuutazama, na nikaona uso wake ukipauka.

“Umetoka kwa baba,” alisema.

“Dada, usifungue!” mdogo akapiga kelele.

Aliufungua. Kwanza ikashuka picha: mtoto wa kike bila meno ya mbele, kavaa viatu vya mtu mzima. Chini yake maneno machache, naye akayasoma kwa sauti isiyokuwa yake. “Mwanangu, sauti imeniacha kabisa, koo limekataa. Ndiyo maana nakuandikia. Tuliyosemezana siku ile unaondoka, mimi nimeyafuta. Wewe je?”

Nywele zilinisimama. Nimeshika waya zenye umeme na sikuogopa vile. Kompyuta ikalia tena. Ya pili.

Mama aliinuka, akatoa ufunguo kifuani mwake. “Fundi, njoo.”

Chumba kile kilinuka karatasi na dawa. Vumbi limelala kila mahali, ila kwenye kiti kimoja mbele ya meza. Hapo hapakuwa na vumbi hata chembe. Chini ya meza kompyuta kubwa ilikuwa ikinguruma polepole.

“Sijaizima tangu alipoondoka,” mama alininong’oneza. “Umeme ukikatika, ukirudi inawaka yenyewe. Huwa nakuja kukaa naye.”

Niliwasha kioo cha kompyuta. Sanduku la barua za kutoka lilikuwa na barua saba, zote kwa dada mkubwa: mbili zimeshaondoka, tano zikisubiri. Nikatazama tarehe. Nikaitazama ruta ya zamani pale ukutani, plastiki yake imeyeyuka upande mmoja.

“Mama, hii iliungua lini?”

“Kuna usiku radi ilipiga, taa zote zikazima. Mwalimu alikuwa hawezi tena kutoka kitandani ila kuja hapa mezani.” Akahesabu kwa vidole. “Wiki sita kabla hajafa.”

Barua zote ziliandikwa baada ya usiku ule. Mzee alikuwa akiandika, anabonyeza, barua inaondoka machoni pake, anaamini imekwenda. Kumbe ilikuwa inakaa humu humu, mlangoni, ikisubiri njia. Na leo mimi nilikuwa nimeifungua njia hiyo, kwa jina lake na neno lake.

Nilipomweleza mama, alishika mdomo wake kwa mikono yote miwili. “Kila asubuhi aliniandikia kwenye daftari, ‘Amejibu?’ Naitazama mashine, namwambia bado. Nampigia huyu mkubwa, simu haipatikani, kabadili namba. Nikasema basi, anasoma na kunyamaza. Roho ya jiwe.” Akainamia kioo, akakazana kusoma. Kidole chake kikagusa barua ya saba. “Hii si ya mwalimu.”

Tarehe yake ilikuwa siku tatu baada ya mazishi.

“Ni yangu,” alisema. “Nilikaa kwenye kiti chake, nikaandika kama nilivyomwona akifanya.”

Niliisoma bila kukusudia. *Baba yako amekufa akikuulizia. Hukumjibu hata neno moja. Usiniite mama tena.*

Sebuleni kengele ililia mara ya nne, na kilio kikafuata. Mdogo alikuwa akimbembeleza dada yake. Kwenye kioo barua ya tano ilikuwa imeshaondoka. Ya sita ilikuwa na picha nyingi, ilitambaa kama kobe. Nyuma yake ilisubiri ile ya saba.

“Inaweza kurudishwa?” mama aliuliza.

“Iliyotoka imetoka. Lakini hii bado. Nikizima ruta sasa hivi, nitaifuta. Hakuna atakayejua.”

Alinitazama, akakitazama kile kiti, kisha mlango. Nilikuwa nimeshatoka koridoni, mkono wangu tayari kwenye swichi ya ruta. Sitasahau ile dakika: mashine ikinguruma, mvua juu ya bati, na yule mama amesimama katikati ya chumba cha mumewe kama mshitakiwa.

“Iache,” alisema. “Karibu mwaka mzima nimeishi na maneno hayo. Nikiyafuta kwenye mashine, bado yatakuwa kifuani.”

Akatoka. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kiti cha binti yake, akapiga magoti sakafuni, yeye na umri wake ule na magoti mabovu yale.

“Mwanangu,” alimwita, bila kupitia kwa mtu. “Inakuja barua nyingine. Imetoka kwenye mashine ya baba yako lakini niliiandika mimi. Sikujua kwamba za kwake hazikukufikia. Isome nikiwa hapa.”

Kengele ikalia mara ya saba. Dada mkubwa aliisoma barua ya mama yake mara moja, kisha tena. Aliinuka, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Mama alibaki pale sakafuni. Nilikusanya vifaa vyangu bila kugonganisha koleo na bisibisi, nikaaga kwa ishara.

Baada ya wiki tatu mdogo aliniita tena. Mawimbi hayakuwa yakifika jikoni. Nilikwenda kwa shingo upande. Chumba cha korido kilikuwa wazi, dirisha limefunguliwa, vumbi limefutwa. Dada mkubwa alikuwa sebuleni akifanya kazi. Mama alikuwa akichambua mchele karibu naye. Waliongea kidogo kidogo, kama watu wanaovuka daraja bovu, kila mmoja akijaribu ubao kabla ya kukanyaga. Lakini waliongea wenyewe.

Nilipokuwa nimepanda ngazi, dada mkubwa aliniuliza, “Bi Waya, nikimjibu baba, barua itakwenda wapi?”

“Itafika kwenye ile mashine. Bado imeunganishwa.”

“Halafu nani ataisoma?”

Mama aliweka ungo chini, akakung’uta mapaja, akajikokota mpaka chumba cha mwalimu. Tulisikia kiti kikilia alipokikalia.

“Andika,” alisema kutoka mle. “Nipo.”