Joka Lililopiga Hodi

Bi Salama angeapa kuwa Jumapili ile nguruwe pori waliingia uani kwa jirani yake Mwantumu, hapa hapa Kibiti mjini, bodaboda zinapita. Anasema kasikia madebe yakigongwa na Idrisa akipiga ukelele, "Limeingia kwenye mahindi! Limeingia!" Naye akajifungia ndani na kuku wake wote.

Nguruwe hawakuwepo. Lilikuwepo joka, na lenyewe la mdomoni tu.

Mwantumu alikuwa akiendesha mchezo wa hadithi aliofundishwa na binamu yake wa Dar, Abdulswamadu. Yeye anasimulia, wachezaji wanajifanya watu wa hadithini, kila mmoja anasema atafanya nini, kisha anarusha dadu kuona kama kafanikiwa. Haruni wa bodaboda alikuwa askari wa upanga. Idrisa, fundi cherehani, alikuwa mganga. Kazi yao ilikuwa waingie pangoni, waliue joka, walete taji la mfalme.

Hawakuingia. Wote wawili wamekulia kijijini Mloka, wakilinda mashamba yasiliwe na wanyama. Walipoambiwa kuna mnyama shimoni, wakajenga dungu, kile kibanda cha juu ya miti cha kulindia shamba, wakapanda, wakakaa. Jumapili nyingine wakakaa tena. Mpaka mahindi wakapanda, humo humo hadithini.

"Wasukume," Abdulswamadu alimshauri kwenye simu. "Mchezaji akikaa kitako, mletee vita."

Jumapili ile akawaletea. Joka likavamia mahindi, nao wakarukia madebe ya kweli, yale ya maji pale uani, wakayagonga mpaka joka likakimbia. Wao wakabaki juu ya dungu lao.

Haruni akatoa ufunguo wa pikipiki. "Dada Mwantumu, usinichukie. Kulinda mahindi nimelinda Mloka mpaka nikapakimbia. Leo ndiyo mwisho wangu."

"Si ushuke ukapigane?"

"Nimfuate mnyama shimoni? Kichaa mimi?"

Mwantumu akapiga hesabu. Haruni akiondoka, mchezo umekufa; Idrisa peke yake angelinda yale mahindi mpaka mavuno.

"Hodi humo! Nguruwe wameshaondoka?" Alikuwa Bi Salama, kajipa moyo, mchi mkononi.

"Karibu!" wakaitika wote wawili, hata vichwa hawakuinua.

Mwantumu aliliona hilo. Akamsogezea bibi mkeka, akamnong'oneza kuwa mnyama ni wa hadithi tu, akaketi, akaifanya sauti nzito.

"Joka limerudi. Limesimama chini ya dungu. Linasema: hodi, wenyewe."

"Karibu," akasema Idrisa.

Haruni akamgeukia. "We! Umelikaribisha?"

"Imenitoka!"

"Basi keshakuwa mgeni huyo," Bi Salama akaamua, akaweka mchi chini. "Mpeni maji. Au Mloka siku hizi wageni wanagongewa madebe?"

Wakalipatia maji. Joka likanywa ndoo nzima, likashukuru, likauliza wazee nyumbani hawajambo.

"Hawajambo," Haruni akanung'unika, ufunguo bado kidoleni.

"Sasa linaaga," Mwantumu akasema taratibu. "Linasema: jamani, moshi wangu mwenyewe umeniingia machoni, njia ya pangoni siioni vizuri. Nani atanisindikiza?"

Bi Salama akawatazama kwa zamu, kama anayetaka kujua watoto hawa wamelelewa na nani. Idrisa akaangalia dadu. Haruni akaurudisha ufunguo mfukoni.

Mwantumu akangoja aone nani atashuka dunguni wa kwanza.