Keria ya Glenys

Shule ya mjini kwetu ilipoamua kusafisha stoo yake ya zamani, rafu zote zilitolewa nje zikaegemezwa ukutani kungoja lori la vyuma chakavu. Zilikuwa zile rafu za vyuma vya pembe vyenye matundu kuanzia chini hadi juu, ambavyo mtu huvifunga kwa bolti apendavyo. Mimi na Glenys Hocking tulikuwa tunatoka kazini kantini, aproni bado ziko viunoni. Mimi nikapita. Glenys akasimama.

"Verna," akaniita, "gari lako lina nafasi?"

"Nafasi ya nini?"

"Usiulize. Shika huku."

Mwalimu mkuu alifurahi, maana tulimpunguzia mzigo. Tulisomba vyuma kumi na vinne, ncha zikitokeza dirishani. Hatukuvipeleka kwa Glenys, tulivipeleka kwangu, ng'ambo ya barabara. Hapo ndipo nilipojua kuna jambo linalofichwa, na kwamba anayefichwa ni Lyall.

Lyall ni mumewe. Alikuwa fundi mabehewa hapa Peterborough miaka thelathini na mmoja, hadi karakana ilipofungwa, naye ni mrefu kama nguzo ya simu. Kila Septemba, baridi ikilegea na maua yakianza kuchanua, sisi watatu tulikuwa tukienda kupiga kambi kwenye milima ya Flinders, wao kwa pikapu yao, mimi nyuma kwa kigari changu. Kisha Lyall akapasuliwa nyonga, akawekewa ya chuma. Septemba iliyofuata tulikwenda kama kawaida, akalala chini kama kawaida, na asubuhi hakuweza kuinuka. Mimi nilivuta mkono huu, Glenys ule, tukashindwa. Kijana mmoja wa Adelaide aliyepiga kambi jirani akaja kusaidia, na mwanawe mdogo, bakuli la uji mkononi, akauliza kwa sauti, "Baba, huyu babu amekufa?"

Lyall alicheka kuliko sote siku ile. Lakini mwaka uliofuata alisema ameshayaona yale mawe vya kutosha, hayajabadilika tangu dunia iumbwe. Na mwaka uliofuata huo akasema vilevile. Glenys naye akawa haendi. Alibaki kuangalia picha za zamani na kuzirudisha kwenye droo.

"Sikiliza," aliniambia tukiwa tumekaa juu ya ndoo gereji kwangu. "Tukiweka keria juu ya bodi ya pikapu, vitu vyote vinapanda juu. Meza, viti, hema lako, mitungi ya maji. Bodi inabaki tupu, tunatandika godoro. Mtu anaketi kwanza, kisha anajilaza. Akiamka, anashusha miguu, tayari kasimama."

"Wahenga walisema ukitaka cha uvunguni sharti uiname."

"Wahenga hawakuwa na nyonga ya chuma."

"Mwambie basi mwenyewe."

"Nimwambie Lyall, 'Hii imetengenezwa kwa sababu ya nyonga yako'?" Akanitazama kama vile nimemwambia akamwoshe paka wa jirani. "Ataona afadhali alale juu ya mti. Tutamwambia ni ya kuni."

Hakuna kati yetu aliyejua kuchomelea, na ndiyo maana vile vyuma vilimfaa. Tulivikata kwa msumeno wa mkono, tukapiga tupa kwenye ncha zisije zikamchana mtu, tukapaka rangi ya kuzuia kutu iliyobaki nilipopaka geti langu. Kwa hiyo keria yote ilikuwa ya kijani cha geti. Kitu pekee tulichonunua ni bolti, nati na washa, na mwenye duka alituuzia kwa kilo. Ilipofika siku ya kuifunga kwenye pikapu haikuwezekana tena kujificha. Tulihamia uani kwa Hocking, Lyall akatoka na kiti chake na kikombe cha chai, akakaa barazani.

"Mnajenga kizimba cha kuku?"

"Keria," akasema Glenys bila kugeuka.

"Ya nini?"

"Ya kuni."

"Kuni zitapanda juu?"

"Mizigo itapanda juu. Kuni zitakaa chini."

"Aa." Akanywa chai. "Nilidhani kuku."

Tulitoboa kingo za bodi, tukaweka vipande vya mpira wa tairi kati ya chuma na chuma, tukasimamisha miguu minne, kisha fremu ya juu. Kwa macho ilipendeza. Nilipiga hatua mbili nyuma nikasema hata duka la Adelaide lisingetoa kama ile. Lyall akaweka kikombe chini, akachukua fimbo yake, akashuka ngazi moja moja. Aliigusa ile keria kwa kidole kimoja tu, akasukuma. Ikayumba yote kwenda kushoto, ikarudi kulia, kama mlevi anayetafuta mlango.

"Haina mshazari," akasema.

"Tumekaza kila bolti," nikajitetea.

"Ungekaza hadi Krismasi, Verna. Mraba hauna msimamo, unalala upande wowote unaosukumwa. Weka chuma cha mshazari kila upande, upate pembetatu. Pembetatu haidanganyiki." Akarudi barazani. Tulipoweka mishazari, niliona kiti chake kimesogea mbele kama hatua tatu.

Baada ya hapo keria haikuyumba. Nilipanda juu yake mimi mwenyewe, na mimi si mwepesi.

Lililobaki lilikuwa godoro, na hapo kosa ni langu. Nilikuwa nimepata sponji nzito, nikaikata kwa kisu cha mkate kwa kufuata umbo la bodi, yenye mapengo mawili pembeni kwa ajili ya vifuniko vya magurudumu vinavyotokeza ndani ya bodi. Niliiacha imesimama gereji kwangu. Jumamosi Lyall akaja kuazima ngazi. Hakupiga hodi kwa sababu hajawahi kunipigia hodi miaka ishirini. Nilipotoka nikamkuta amesimama mbele ya ile sponji, mkono mmoja kwenye moja ya yale mapengo.

"Verna," akasema taratibu, "kuni siku hizi zinalalia godoro?"

Ningeweza kusema ni langu, lakini hakuna kitanda duniani chenye mapengo ya magurudumu.

"Na ngazi?" nikauliza mwishowe.

"Siitaki tena." Akaenda zake.

Siku mbili hakusema na mkewe ila "chumvi" na "asante". Glenys alikuja kwangu jioni ya pili macho yamevimba. Alisema hangejali kama Lyall angegomba, maana ugomvi unaisha, bali alikuwa ameketi tu anatazama uani. "Nimemfanya gunia," akasema. "Nimemjengea mahali pa kuwekwa." Nilimwambia apunguze maneno, anywe chai. Nami nilijisikia vibaya, kwa kuwa ni mimi niliyeiacha ile sponji wazi kama mjinga.

Jumanne asubuhi nikasikia mtu anagonga chuma kwa Hocking. Nikavuka barabara na koti la kulalia. Lyall alikuwa amefungua mlango wa nyuma wa bodi, tepu mkononi, na Glenys amesimama kando, amejikunyata, hajui aje au aondoke.

"Njoo, Verna, wewe ni shahidi," Lyall akaita. "Soma hapa."

Nikasoma. "Mita moja na nusu."

"Hiyo ni bodi. Sasa mimi nina urefu gani?"

"Lyall..." Glenys akaanza.

"Mita moja na sentimita themanini na nane! Mwanamke ameolewa nami miaka thelathini na sita. Amepima pikapu, amepima mitungi ya maji, amepima hata magurudumu. Mume hakumpima! Nilale nimekunjwa kama barua?"

Glenys akaziba mdomo kwa mikono miwili. Sikujua kama analia au anacheka, na nadhani yeye pia hakujua.

"Ungeniuliza," Lyall akasema, na sasa sauti yake ilikuwa nyingine. "Hilo tu, Glen. Ungeniuliza."

"Ungekataa."

Alifikiri. Lyall ni mtu wa haki. "Ningekataa," akakubali. "Mara ya kwanza. Ungeuliza mara ya pili."

Mimi nikajifanya nachunguza bolti. Kisha Lyall akanituma nikalete vyuma viwili vilivyobaki gereji kwangu. Ile wiki alikuwa yeye fundi, sisi vibarua. Alitengeneza ubao wa bawaba unaokunjuka juu ya mlango wa nyuma ukiwa wazi, wenye miguu miwili ya kusimama ardhini, hivyo kitanda kikapata mita mbili kamili. Pia akafunga bomba fupi kwenye nguzo ya keria, upande wa kulia, la kushika mtu anapoinuka. Hakusema ni la nini. Hatukuuliza.

Tuliondoka Alhamisi ya pili ya Septemba. Glenys aliendesha, Lyall kando yake, mimi nyuma nikiangalia ile kijani ya geti langu ikienda mbele yangu na viti vyote juu, imetulia kama meza. Tulikunywa chai Orroroo, tukajaza mafuta Hawker, na huko mbele tukaacha lami. Njia ya vumbi ilikuwa na mawimbi mawimbi kama bati, meno yanagongana. Haikupita nusu saa, pikapu ikawasha taa nyekundu ikasimama.

Nilipofika, Lyall alikuwa bado hajashuka. "Mguu wa nyuma kushoto, bolti ya chini," alikuwa anamwambia mkewe kupitia dirishani. "Imepoteza nati."

Glenys akainama akatazama. "Umejuaje?"

"Inaimba peke yake. Wenzake wako kimya."

Ni kweli nati haikuwepo. Zilizobaki hazikuwa mbali na kuifuata. Lyall alishuka, akaegemea pikapu, akatuonyesha: nati ya kwanza kaza, ya pili iweke juu yake, kisha uzikaze zishindane. "Zikibanana hivyo hakuna inayokwenda popote."

"Ngapi tufanye?" nikauliza.

"Zote."

"Zote!"

"Una haraka ya kwenda wapi, Verna? Mawe hayajabadilika."

Ilituchukua saa nzima kando ya barabara, kwa nati zilizosalia kwenye zile za kilo. Alizifanya za upande wa kulia mwenyewe, amesimama, kwa kuwa hapakuwa na haja ya kuinama. Emu watatu, wale ndege wakubwa kama mbuni, walipita mbali bila kutujali. Glenys alitoa skonzi na jamu, tukala juu ya ubao wa Lyall, mikono yetu yote ina grisi.

Kambi tuliipata kwenye mkondo mkavu, chini ya mikalitusi mikubwa yenye magome meupe. Mimi nilisimamisha hema langu. Wao walikuwa wameshamaliza kabla sijapigilia kigingi cha pili. Tulichoma nyama ya kondoo, tukaoka mkate jivuni, tukalala mapema.

Niliamka jua likiwa limegusa vilele tu, wekundu ukishuka taratibu kwenye miamba. Nilisikia moto unatatarika. Nikafungua zipu ya hema nikachungulia. Glenys alikuwa bado amelala, nywele tu zinaonekana, amejitawanya kitanda kizima. Lyall alikuwa ameshavaa viatu, ameshachemsha maji, na alikuwa anatembea kwenye changarawe ya mkondo na fimbo yake, polepole, akienda kumwangalia kangaruu mwenye mtoto aliyesimama juu ukingoni.

Nilitaka kumwamsha Glenys aone. Nikamwacha. Baada ya kitambo kidogo nikamwona amefumbua macho, hajasogea, anamtazama mumewe kupitia kati ya vyuma.

"Chai iko tayari," nikamnong'oneza.

"Mwache kwanza arudi," akasema. "Atataka kuileta mwenyewe."