Ukuta wa Jumamosi

Treni ya Turku ilikuwa imeshaanza kusogea, na Aulis Pennanen bado alikuwa amesimama kwenye ngazi ya behewa, mkono mmoja umeshika mlango, mwingine umeshika shavu. Mimi nilikuwa ndani, nimeketi na begi lake. Profesa Sandelin alikuwa akitembea jukwaani sambamba na behewa, mzee wa kofia ya manyoya, anarefusha hatua kadiri treni inavyoongeza mwendo.

"Usimwambie kitu, Pennanen! Mpokee, mbebee mizigo, mwulize habari za bahari. Basi!"

"Nimesikia, Bwana Profesa."

"Nimesikia si jibu!"

Jukwaa likaisha, profesa akabaki huko mwisho, mdogo. Aulis akaingia, akakung'uta theluji mabegani, akaketi mbele yangu.

"Nitamwambia," akasema.

Ilikuwa Februari 1954, na tulikuwa tunakwenda bandarini kumpokea mpingaji. Pale chuoni kwetu mtu hakupewa shahada ya udaktari kimyakimya ofisini. Tasnifu ilichapwa kwanza ikawa kitabu, kisha mwenyewe akasimama ukumbini na koti jeusi la mkia, na mtu aliyealikwa kutoka kwingine akaichambua mbele ya watu wote. Mpingaji wa Aulis alikuwa Msweden, Folke Wirsén, na alikuwa njiani na meli ya Stockholm. Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Nieleze kwanza kazi yenyewe. Kiwanda kimoja cha kaskazini kilikuwa kimetengeneza chuma kipya cha mabomba ya boila, na kilitaka kujua kitu kimoja tu: chuma hicho kikikaa motoni miaka na miaka huku kikivutwa, kitarefuka kiasi gani? Maana chuma hurefuka. Hukioni kwa macho, lakini kinanyooka polepole kama mtu aliyelala, mpaka siku moja kinakatika. Basi Aulis alitundika vipande vitatu ndani ya tanuri tatu za umeme katika chumba cha chini ya ardhi cha jengo tulimoishi, akavifungia mizigo, akavisubiri. Kila Jumatatu asubuhi alisoma urefu. Miaka mitatu hiyo.

Tanuri zilitakiwa zisipande wala kushuka joto. Hilo lilishughulikiwa na nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa ncha. Ncha moja ilikaa ndani ya tanuri, nyingine nje, mahali pasipobadilika. Chombo kilipima tofauti ya joto baina ya ncha hizo mbili, na kwa tofauti hiyo kiliongeza au kupunguza umeme. Wengi huitumbukiza ncha ya nje katika chupa ya barafu, lakini barafu huyeyuka, lazima mtu aje kuiongeza, na Aulis alikuwa na miaka mbele yake. Akaitia katika kisanduku cha mbao, akakipigilia ukutani.

Hakuwa mzembe. Kabla ya kupigilia aliupima ukuta ule asubuhi na jioni, Jumatatu mpaka Ijumaa. Haukubadilika hata nusu digrii. Jumamosi hakupima. Jumamosi alikuwa upande wa pili wa ukuta huohuo, uchi, ameketi nasi katika sauna ya jengo, chumba cha kuogea mvuke.

Majibu yalitoka makubwa kuliko ilivyotarajiwa. Chuma cha Aulis kilirefuka karibu mara mbili ya vyuma vya aina yake vilivyopimwa nchi nyingine. Profesa Sandelin alifurahi sana. Alikuwa anastaafu mwaka uleule, na aliona hapa pana jambo jipya. Wakatafuta sababu ndani ya chuma, na sababu ukiitafuta kwa bidii huikosi. Sura nzima ya kitabu ilikuwa juu ya hiyo sababu, na ilikuwa imeandikwa vizuri. Kiwanda nacho kiliposikia, kikaanza kukitilia shaka chuma chake.

Kisha Aulis akang'olewa jino.

Ilikuwa Jumamosi, wiki moja kabla ya utetezi. Daktari wa meno alimwambia asiingie sauna, kidonda kitatoka damu tena. Kwa mtu wa kwetu hiyo ni adhabu. Sisi tuliingia alasiri kama kawaida, wanawake wakiwa wameshamaliza zamu yao, na tukaanza kumwaga maji juu ya mawe. Aulis alikuwa peke yake upande wa pili pamoja na tanuri zake, amenuna, shavu limevimba. Akatafuta mahali pa kuliegemeza. Ukuta ulikuwa na joto zuri. Akaliweka shavu pale, akafumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi maumivu yakapungua.

Alipofumbua macho aliona kile kisanduku cha mbao, kiasi cha kiganja kutoka puani mwake.

Sisi tulichoona ni mlango wa sauna kufunguka na mtu aliyevaa koti la baridi na viatu kuingia katikati ya mvuke.

"Funga mlango, mjinga wewe! Joto linatoka!" Lahtela, mlinzi wa jengo, alipiga kelele kutoka benchi la juu.

"Acheni kumwaga maji," Aulis akasema. Kwa lile shavu alisikika kama mlevi.

"Ati nini?"

"Maji. Acheni. Mnanipikia tasnifu."

Watu wakacheka mpaka mmoja akateleza benchini. Lahtela akachota kopo jingine, akalimwaga juu ya mawe taratibu huku anamtazama usoni. "Nenda kalale, Pennanen. Jino limekupanda kichwani."

Mimi nilitoka nikamfuata, na taulo tu kiunoni. Akanishika mkono akanibandika kiganja ukutani. Nami, pamoja na elimu yangu ya kuokoteza, nilielewa: ukuta ukipata joto, ile ncha ya nje inapata joto, chombo kinadhani tanuri imepoa, kinaizidishia moto. Na chombo kinaendelea kuchora mstari ulionyooka kwenye karatasi yake, kana kwamba hakuna kilichotokea. Matofali yale mazito yalikaa na joto mpaka Jumapili. Jumatatu Aulis alipokuja kusoma, yalikuwa yamepoa. Kila wiki, kwa miaka mitatu, tulikuwa tumekivuta chuma chake kwa kuoga.

Alitaka uhakika. Jumanne akamwomba Lahtela awashe sauna.

"Jumanne?" Lahtela akauliza. "Umepata mchumba au unazika mtu?"

Aliiwasha hata hivyo, jengo zima likatoka kuchungulia moshi. Kerttu Ilvonen, mwanafunzi mwenzetu aliyekuwa akichunguza nikeli katika chumba cha pili, alileta waya mwingine na chupa ya barafu, wakapima tanuri kwa njia sahihi. Kufika jioni tanuri ilikuwa imepanda karibu digrii thelathini. Chombo cha Aulis kilisema haijapanda hata moja.

Kerttu alifunga chupa yake. "Mimi sitasema kwa mtu," akamwambia. "Hii ni kazi yako. Ila ukinyamaza, usinitafute ukumbini nikupigie makofi."

"Na nikisema?"

"Ukisema, wewe si daktari. Mbona unaniuliza kitu unachokijua?"

Jumatano akaenda kwa profesa. Mzee hakukasirika. Alizunguka meza yake mara kadhaa, kisha akatoa shauri: kitabu kimeshachapwa, mgeni yuko njiani, chakula kimeshaagizwa, mama yake Aulis anakuja kutoka Savo. Atetee kwanza. Baadaye, kiangazi, wataandika marekebisho katika jarida, wao wawili, kwa heshima. Halikuwa shauri la mtu mbaya. Nimesikia mabaya zaidi kutoka kwa watu walioshiba zaidi.

Ndivyo tulivyojikuta Turku. Meli ilichelewa kwa barafu. Wirsén akashuka, mtu mrefu mwenye pua nyekundu, akatupa mkono, akakataa kubebewa begi. Kwenye treni ya kurudi alitoa kile kitabu akakiweka mapajani. Kilikuwa na vipande vya karatasi vimechomekwa hapa na pale.

"Kazi nzuri," akasema. "Nina maswali, lakini ya kawaida. Usikose usingizi, Bwana Pennanen."

Aulis akanitazama. Kiswidi chake kilikuwa cha shule, changu kilikuwa cha gatini, lakini changu kilitembea. "Mwambie," akasema.

"Aniambie nini?" Wirsén akauliza kabla sijafungua mdomo.

Nikamwambia. Jino, ukuta, kisanduku, sauna ya Jumanne. Aulis alisaidia pale niliposhindwa na maneno ya kitaalamu. Wirsén alisikiliza bila kutikisika. Nje miti ilipita, theluji, miti tena. Nilipomaliza alikifunga kitabu na kukirudisha ndani ya begi.

"Mimi nimeitwa kupinga kitabu," akasema. "Mambo ya kwenye treni si kitabu. Sikusikia kitu. Jumamosi nitauliza yaliyomo humu, na yaliyomo humu nilikuwa nimeshayakubali. Ukitaka nisikie lingine, liseme pale watu wote watakaposikia."

"Na kama sitasema?"

"Basi jioni nitakuita daktari. Na wewe utaitika." Akavuta kofia usoni. "Sasa niacheni nilale, bahari imenichosha."

Usingizi alilala kweli, akakoroma mpaka Helsinki. Aulis hakulala. Mara moja tu alisema, kwa sauti ya chini, "Ameniachia mwenyewe, shetani huyu." Sikujua kama alikuwa anamtukana au anamshukuru.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mama yake Aulis alikaa mstari wa pili na kitambaa chake cha kichwa, kikapu miguuni, na ndani ya kikapu mkate wa kwao wenye samaki ndani, ameuzungushia blanketi usipoe. Profesa alikaa mbele kama msimamizi. Kerttu alikaa nyuma kabisa, mikono imekunjwa.

Kwa desturi mwenye tasnifu hufungua kwa hotuba fupi kuhusu kazi yake. Aulis alisimama katika koti la kuazima, mikia yake inampiga vigimbini, akaanza vizuri: kiwanda, boila, tanuri. Kisha akamtazama mama yake, na nikadhani basi, ameamua, atapita humohumo. Akachukua kitabu chake mezani.

"Kuanzia ukurasa wa arubaini mpaka mwisho," akasema, "hesabu hizi ni za sauna."

Kicheko kimoja kilitoka upande wa Lahtela, kikakatika. Aulis akaeleza yote kwa utaratibu, hata Jumanne, hata shavu. Profesa alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe. Wirsén aliposimama, alichomoa vile vipande vya karatasi kitabuni kimoja kimoja, akaviweka mfukoni.

"Nilikuwa na maswali mengi," akasema. "Limebaki moja. Ncha ya nje utaiweka wapi safari ijayo?"

"Kwenye barafu."

"Nani ataongeza barafu?"

"Mimi."

"Kila siku?"

"Na Jumamosi."

Wirsén akamgeukia profesa, akatamka maneno ya kisheria, kwamba hawezi kushauri tasnifu hii ikubaliwe. Makoti ya mkia yakainama, na mambo yakaisha.

Pale mlangoni mama alimkamata mwanawe mkono. "Umefaulu?"

"Hapana, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mama akamtazama Wirsén, aliyekuwa anavaa viatu vyake vya mpira vya theluji. "Na huyu mgeni ndiyo hatakula?"

Hapo watu wakakumbuka kwamba chakula kile cha jioni, kwa desturi, hupikwa kwa heshima ya mpingaji. Hakipikwi kwa heshima ya daktari. Hakuna kanuni inayosema kisiliwe.

"Atakula," Aulis akasema.

"Basi mlete, baba. Mkate unapoa."

Tukala. Wirsén alikaa kiti cha heshima, akala mkate wa samaki mara tatu, mama akimwekea bila kumwuliza. Aulis akatoa hotuba ya kumshukuru mpingaji, kama inavyotakiwa, fupi. Profesa alikuja akiwa amechelewa, akaketi, akala, na alipoondoka alimpa Aulis mkono kwa muda mrefu. Kabla ya kula Wirsén alikuwa ameomba jambo moja: apelekwe chini. Aliweka kiganja chake ukutani, akatingisha kichwa, kisha akavua nguo akaingia upande wa pili na Lahtela.

Yaliyofuata ni haya. Wakazi wa jengo walipiga kura kama sauna ihame au tanuri zihame, tanuri zikahama. Aulis alianza upya na vipande vitatu vingine, akaongeza barafu mwaka mmoja na nusu, kisha kiwanda kikamwajiri na hakurudi tena. Hakuwa daktari. Chuma kile kilionekana hakina kasoro, mabomba yake yakafungwa kwenye boila za viwanda kadhaa vya karatasi. Aulis alikufa kwa ugonjwa wa moyo mwaka 1979. Kerttu Ilvonen alipata udaktari wake kwa nikeli na akafundisha mpaka akazeeka. Profesa Sandelin alistaafu kiangazi kile, marekebisho hayakuandikwa. Wirsén aliwapinga watu wengine wengi, alikuwa mashuhuri kwa hilo. Mama alirudi Savo na kikapu kitupu. Lahtela alianguka ngazini na baadaye akahamia kwa binti yake. Mimi niliacha chuo masika yaleyale, nikapanda meli ya kubeba mbao ya Kotka. Kile kisanduku kiling'olewa ukutani, na tundu za misumari zikazibwa kwa plasta.